Siku ya Posa, Kiyoyozi Kikatoa Povu

Leo nimeaibika mbele ya wakwe. Wala si wakwe zangu, ni wa dada yangu. (Wakwe zangu mimi, baada ya leo, sidhani kama watapatikana.)

Nawaeleza mapema kabla hamjasikia kwa Shangazi, maana yeye ataongeza chumvi.

Sisi tunakaa Kariakoo, ghorofani, na sebule yetu inatazama barabara. Mchana dirisha halifunguliwi. Ukifungua anaingia mtu wa kipaza sauti anayeuza sumu ya panya, pamoja na vumbi na moshi wa chipsi. Kwa hiyo tunaishi kwa hisani ya kiyoyozi. Na kiyoyozi chenyewe ni kizee. Zamani kilikuwa cheupe, siku hizi kina rangi ya chai ya maziwa. Kinakohoa. Hewa yake ni kama ya mtu anayekupumulia shingoni. Fundi aliyeletwa mara ya mwisho alikipiga kofi la ubavu, kikapata fahamu, akaaga.

Leo alasiri wazee wa upande wa mwanamume walikuwa wanaleta posa ya dada Zuhura. Nyumba ikagawanyika. Mama alitaka kinunuliwe kipya. "Maduka yako hapo chini tu, sasa hivi kinapandishwa!" Baba alitaka kitengenezwe, kwa sababu Baba hajawahi kukutana na kitu kisichotengenezeka. (Ana viatu vyenye umri wangu.) Dada yeye alisema, "Mtaniua kwa joto siku nyingine, leo hapana."

Aliyeamua ni mimi. Mimi, ambaye sijasomea chochote, ila naangalia video za mafundi mpaka simu inaniunguza kiganja. Nikatangaza kwa sauti ya daktari: "Hakihitaji kubadilishwa. Ni uchafu tu. Nikikisafisha mtatafuta mablanketi."

"Una uhakika, Idrisa?" Mama akauliza.

"Mama, nimeona video ya mtu mwenye kibovu kuliko hiki."

"Sikukuuliza umeona nini. Una uhakika?"

"Ninao." (Sikuwa nao. Mimi hata kufunga mlango narudia mara mbili.)

Asubuhi nikaanza. Nikazima umeme kwenye swichi kuu. Nikarudi kuhakikisha. Kisha nikaenda kuhakikisha kwamba nilipohakikisha, nilihakikisha vizuri. Nikafungua kifuniko. Lo! Feni ya ndani, ndefu kama mchi, ilikuwa imevaa koti la vumbi. Video ilitaka povu maalumu la kusafishia. Mimi povu maalumu sina. Nikajiambia, povu ni povu. Nikachukua sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, chupa nzima, nikaipiga kwenye beseni mpaka ikasimama kama mayai ya keki. Nikaisugulia kila upenyo kwa mswaki. (Mswaki wa nani? Tusifike huko.)

Ikaja zamu ya kusuuza. Kikombe cha kwanza tu cha maji kikapita pembeni ya nailoni niliyotandika, kikaanza safari ya kwenda kwenye zulia. Mama akatokea jikoni na mwiko.

"Tone moja likigusa zulia langu leo, wewe ndiye utakayeolewa!"

Nikaacha kusuuza. Nikafuta kwa kitambaa pale mkono ulipofika. Na mkono wangu, jamani, haufiki mbali.

Nikarudisha kifuniko, nikawasha. Baridi! Baridi ya kweli, ile ya benki! Dada akanikumbatia. Mama akasema, "Haya, bwana," na kwa Mama hiyo ni nishani. Nilitaka kiendelee kuwaka nikichunguze vizuri, lakini Baba akachukua rimoti akazima.

"Unampulizia nani? Wageni hawajafika, umeme unakwenda bure."

Alasiri wakaja, kanzu zimepigwa pasi kiasi kwamba ungeweza kujikata. Msemaji wao ni Mzee Makame, baba mkubwa wa bwana harusi mtarajiwa, mtu mzito wa mwili na wa maneno. Kwetu mgeni wa heshima hakalishwi popote. Anakalishwa chini ya kiyoyozi. Nikampeleka mwenyewe.

"Shikamoo, mzee. Karibu hapa, ndipo penye baridi."

"Marahaba, mwanangu. Alhamdulillahi, maana huko nje tumeiva."

Nikawasha. Nikasimama kando na rimoti kifuani, kama niliyefunga bao.

Wanawake walikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia. Mzee Makame akasafisha koo. "Ndugu zetu, katika kupitapita kwetu tumeona uani kwenu pana waridi..."

Kikatoka kiputo kimoja. Kikaelea, kikatua kwenye kofia yake, kikapasuka. Nikajiambia ni macho yangu. Kikaja kingine, na ukoo wake. Kisha sauti ya mtu anayesukutua, halafu povu likaanza kushuka mabonge mabonge. Begani kwa Mzee. Kwenye ndevu za mwenzake. Kwenye sahani ya kaimati. Sebule nzima ikanukia limau.

Na hapo adabu zetu za pwani zikaniponza. Hakuna aliyesema kitu! Mgeni hawezi kumuumbua mwenyeji. Mwenyeji hawezi kumkatiza mtu anayeposa. Mzee Makame akaendelea, povu likimpanda shavuni: "...waridi lililotunzwa, likamwagiliwa..." (akafuta jicho) "...likamwagiliwa sana."

"Naam, naam," Baba akaitikia, naye povu limemkaa utosini.

Nikabonyeza rimoti kuzima. Kwa haraka nikakosea kitufe, nikaongeza kasi ya feni.

Mungu wangu! Povu lote lililojificha nisikofika likatoka kwa mpigo mmoja. Mzee Makame akapotea. Nasema akapotea! Tukabaki tunaona pua.

Nyuma ya pazia Shangazi akaangua kicheko, kikakatika ghafla, nadhani alizibwa mdomo. Kisha nikamsikia dada: "Idrisa, umeniua." Nikakimbilia swichi kuu, nikazima nyumba nzima. Joto likarudi. Nikaona ndoa ya dada yangu imekufa, muuaji ni mimi, na ushahidi unanukia limau.

Mzee Makame akatoa leso. Akafuta shavu hili, akafuta lile. Akamgeukia Baba.

"Shehe, nimeposea vijana wengi. Pengine napewa chai. Pengine napewa maneno. Kuogeshwa, ni kwako tu."

Tumbo lake likaanza kutikisika. Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Baba naye akacheka, wazee wote wakacheka, na Shangazi akaachiwa mdomo.

"Basi kabla hamjatujibu habari ya binti," Mzee akasema, "upande wetu unaongeza jambo. Pamoja na mahari, tutaleta kiyoyozi kipya. Inshallah tutakuwa tunakuja hapa mara kwa mara, na mimi nimeshaoga."

"Tumepokea!" Mama akaitikia nyuma ya pazia, kabla Baba hajafungua mdomo.

Habari ya binti, Baba aliomba muda wa kushauriana, kama ilivyo desturi. Dada akamtuma Shangazi aje amwambie asishauriane sana.

Kwa hiyo ndoa ipo. Mimi bado nafuta ukuta, na nawaomba sana msinicheke, cheko la Shangazi linatosha mtaa mzima. Nimejifunza jambo moja tu: kitu kizee kikifikia kuoshwa namna ile, kinachofuata ni kukizika. Mimi nikakiwasha.