Turubai la Rimoti

Jumatatu, 6 Julai

Baridi ya kukata masikio. Mwenye ploti hapa mtaani Skuta ametoa neno la mwisho: gari langu liondoke kabla mwezi haujaisha. Ati watu wanadhani ploti yake ni gereji. Gereji! Basi dogo la shule nililoligeuza nyumba kwa mikono yangu miwili, lenye kitanda, jiko na mapazia!

Pa kulipeleka ni mahali pamoja tu: Othaya, kwa mama mkwe. Nyasi tele, geti pana. Lakini anasita. Amemwambia mke wangu Wachuka kwamba mkwe akiegesha mkebe uani kwake, majirani watasema amefukuzwa mjini. Atalikagua Jumapili baada ya kanisa, ndipo aamue.

Nimejua kinachokosekana. Turubai la ubavuni, lile linalovutwa nje watu wakakaa chini yake na chai. Mwenye turubai hawezi kuitwa mtu aliyefukuzwa.

Jumanne, 7 Julai

Yapo ya aina mbili. La mkono: unachomeka chuma, unazungusha, unatoka jasho. La stima: unabonyeza rimoti, unasimama pale mheshimiwa mzima. Nilichagua kabla sijamaliza kusoma.

Wachuka akauliza kama nimesahau kwamba betri ya gari hushindwa kuwasha taa na redio kwa pamoja. Akasema kaka yake Kingori, yule wa kuchomelea mageti, yuko tayari kunitengenezea la mkono. Bure! Kila ninapotaka kung'aa, Kingori ameshafika na mashine yake.

Kwa hasira nikampigia mama mkwe, nikamwambia turubai ni la rimoti. Kisha akasema, "Kweli, Munene? Basi nitaambia wamama wa kanisa wakuje waone." Mungu wangu.

Alhamisi, 9 Julai

Nimekubali la Kingori. Betri imenishinda. Na limekaa vizuri, naona haya kusema. Chuma cha kuzungushia amekiweka ndani ya gari, nyuma ya pazia, ili anayezungusha asinyeshewe.

Hapo ndipo wazo lilipokuja. Anayezungusha haonekani!

Nimemwendea rafiki yangu Wamae, polisi mstaafu wa Kiganjo, mtu wa kutii amri bila swali. Atakaa nyuma ya pazia. Mimi nje na rimoti ya televisheni yetu. Nikikohoa mara ya kwanza, atoe. Nikikohoa tena, arudishe. Tumefanya mazoezi mara sita, hakukosea hata moja. Wachuka sijamwambia. Ana tabia ya kuuliza maswali.

Jumapili, 12 Julai

Naandika nikiwa nimejifungia ndani ya gari. Siwezi kumtazama mtu usoni.

Ilianza vizuri, pale uwanjani mwa kanisa Othaya nilipoliegesha gari. Manyunyu kidogo, wamama kumi na wawili, mama mkwe katikati na kitambaa chake cheupe cha kanisa. Nikainua rimoti. Nikakohoa. Turubai likatoka! Vigelegele! Kingori akaitazama rimoti, akanitazama mimi. Mama mkwe akasema, "Sasa naona Wachuka ameolewa." Miaka kumi na moja nimengoja maneno hayo. Nilikaribia kulia.

Kisha wakasimama kwa maombi na mvua ikazidi. Na mimi nikakumbuka ni Julai. Nani Othaya hakohoi Julai?

Wa kwanza alikuwa mwenyekiti wa wamama. Turubai likaanza kurudi. Akakohoa mwingine, likatoka. Wakafuata watatu kwa mpigo, na Wamae, mtu wa amri, akawatii wote. Nilibonyeza kila kitufe huku nikisema ni shoti ya stima, ni shoti tu. Maji yaliyokuwa yamejaa kwenye turubai yakateremka yote, beseni zima, juu ya kichwa cha mama mkwe. Kabla ya amina!

Pazia likafunguka. Wamae, jasho tele, akapiga saluti akauliza, "Afande, niendelee ama nipumzike?"

Mkwe hata kukaa karibu sana na mama mkwe si adabu. Mimi nimemwogesha mbele ya kanisa. Hakuwahi hata kuingia ndani ya gari kuona mapazia. Wachuka alimfunika leso akampeleka nyumbani, hakunitazama. Nimeaibika maishani mara nyingi, lakini hiyo ya kutotazamwa imeniuma kuliko zote.

Jumanne, 14 Julai

Nimeenda kuomba msamaha na blanketi jipya na sukari. Nilikaa ukingoni mwa kiti, Wachuka kando yangu. Nikasema yote: simu, Wamae, kikohozi.

Mama mkwe akasema alijua mapema, kwani yeye ana rimoti kama ile ya televisheni yake. Akasema la mkono angelipenda zaidi. Huku stima hupotea siku mbili, na rimoti ungebonyeza mpaka vidole vichubuke. Kisha akaniambia polepole, "Mimi sitaki stima, Munene. Nataka tu mtu hatanidanganya."

Nililia. Sioni haya kuandika hivyo. Nikaapa mbele ya Wachuka kwamba uongo na mimi tumeachana kabisa. Mama mkwe akasema basi nilete gari, nitalisimamisha pale karibu na shamba la majani chai. Wachuka akanishika mkono, mara ya kwanza tangu Jumapili.

Tulipofika mlangoni mama mkwe akauliza kitu kidogo tu. Magoti humsumbua na baridi hii. Je, mle ndani ya gari kuna maji ya moto ya kuoga?

Nikasikia mdomo wangu ukisema yapo, Mama, tele, unafungua tu mfereji.

Anakuja kuoga Jumamosi. Gari halina mfereji.