Safu ya Magari Karibu na Mpaka

Alhamisi, 30 Oktoba
Wametukatia! Kampuni ya Marekani tunayonunua kwake picha za setilaiti imefunga huduma tangu alfajiri, bila hata samahani. Ofisi yetu ya ulinzi hapa Vilnius, mji wetu mkuu, kimya kama msibani. Nimefurahi peke yangu. Miaka minne nasema Ulaya itazame kwa macho yake yenyewe, nachekwa. Sasa Kanali Žydrūnas amenipa siku nne nithibitishe kwamba setilaiti za Ulaya zinatosha kulinda mpaka. Nikishindwa, tunarudi kwa Wamarekani kupiga magoti. Skaistė wa meza ya pili akadai kwenye picha zangu ng'ombe na kifaru cha jeshi ni mapacha. Wivu!

Jumamosi, 1 Novemba
Siku ya kuzuru makaburi. Nchi nzima imekwenda kwa wafu wake. Mimi nipo kazini. Mke wangu Vilija amekwenda na gari hadi kaburini kwa marehemu mama yangu. Akaniaga akisema mama hataniulizia, ila yeye atanishitaki kwake.
Saa saba mchana picha ikaingia. Mungu wangu! Kilomita tatu kutoka mpaka wa Belarus, shambani: madoa mia mbili, mistari imenyooka. Jana hayakuwepo. Safu ya vita! Nikampigia kanali. Askari wakatumwa.

Jumapili, 2 Novemba
Askari walikuta mishumaa na maua. Magari ya waliokuja makaburini, yameegeshwa shambani kama kila mwaka. Bibi mmoja aliamriwa ainue mikono. Akagoma kuweka mshumaa chini: "Pigeni tu, wanangu. Mimi kaburini nimeshafika." Luteni wao akavua kofia.
Makaburi ni ya kijijini kwetu. Nilisoma namba za ramani, jina la mahali sikulitazama. Doa la arobaini na moja ni gari letu. Vilija anasema alipoona bunduki alijua papo hapo ni kazi ya mumewe. Hajanipa supu.

Jumatatu, 3 Novemba
Kanali ametamka taratibu, mbele ya wote: macho ya Ulaya ni mazima, yamehesabu magari mia mbili na yalikuwa mia mbili, mwenye mtoto wa jicho ni mimi, Vygantas. Picha za Ulaya zinabaki. Kazi ya kuzisoma amepewa Skaistė. Akanipigapiga bega: pole, kaka, hoja yako imeshinda, ila bila wewe mwenyewe. Mimi nimehamishiwa stoo ya picha za zamani.

Jumanne, 4 Novemba
Stoo ni hazina! Picha ya Jumapili ya Pasaka: magari mia tatu yamezingira jengo lenye mnara mrefu. Mtambo wa mawasiliano, bila shaka. Na wamechagua sikukuu makusudi, tusishuku. Safari hii kanali simwambii. Nimemwandikia waziri.