Makuti Dhidi ya Mashine ya Mwendo

Jumatatu, 3 Julai 1972

Balaa limeingia Palma. Watu wanasema ni mimi Mussagy niliyelileta. Waongo! Ni bata mzinga wa administradori, mkuu wa Wareno hapa, kaja mwenyewe barabarani. Mimi naendesha lori tangu magari hayajajua kukata kona. Bata gani wa kunifundisha breki? Nikampita. Juu.

Sasa mkubwa huyo, vita imemzunguka, mabomu yamefukiwa njia ya Mute, yeye adui kaniona mimi. Kaagiza mashine. Imesimama kwenye kona ya kuingilia mjini, miguu mitatu, jicho moja. Wanaiita radari. Leo imenikamata kwenda, ikanikamata kurudi. Nikikamatwa tena, karta yangu ya udereva inachukuliwa na lori tajiri wangu anampa Faquir. Faquir! Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu Mariamo, mtu anayeendesha kama kabeba mayai ya mama mkwe!

Jumanne, 4 Julai

Nimempelekea pweza wa kuchoma Luís, mzungu wa tropa, askari anayekaa na mashine. Akitafuna, siri zote zinatoka.

Kasema mashine inapiga kelele isiyosikika. Kelele inagonga gari, inarudi. Gari likija mbio, kelele inarudi imebanana. Ndiyo maana hata honi ya gari linalokujia inalia nyembamba, likishakupita inalia nene. Mashine inapima kelele ilivyobanana, inajua mwendo wako. Nikamwambia mimi hayo nayajua siku nyingi: Mariamo nikimtupia neno moja, linarudi limebanana na wenzake kumi. Kacheka, akapaliwa na mnyiri.

Kasema tena, kwao matajiri wana kidude garini. Kazi yake kusikiliza tu. Kikiisikia mashine kinalia, dereva anapunguza. Na kinawahi, maana kelele inayokwenda bado ina nguvu, inayorudi imechoka.

Kidude cha kusikiliza? Mimi si nina redio! Nimeshinda.

Jumatano, 5 Julai

Redio nimeifunga kamba mbele ya usukani. Kuondoka tu: krrr! Nikapunguza. Krrr! Nikapunguza tena. Mashine kila mti! Wareno hawa wana pesa!

Nimetambaa hivyo mpaka Mute na samaki wa tajiri. Wateja wamepata harufu kabla hawajaliona lori. Njiani Faquir kanipita kwa baiskeli, akapiga kengele. Ati, “Shemeji, ukichoka shuka, nikupakie!” Nikazima injini nimtukane vizuri. Redio nayo kimya. Nikawasha: krrr! Kumbe inasikia plagi za lori langu mwenyewe. Redio haina adabu, inasikiliza kila mtu.

Ijumaa, 7 Julai

Akili imerudi. Kelele inagonga chuma, sivyo? Basi isikione chuma!

Nimekusanya makuti. Mariamo kauliza naezeka nini. Nikamjibu, lori. Kauliza tena, taratibu, kama mtu anayeuguza. Halafu akamwita Faquir. Wamecheka ndugu hao mpaka wakakaa chini. Acha wacheke. Makuti yalipopungua nilipanda kwa ngazi juu ya paa la jiko la Mariamo nikachukua yake. Hapo Mariamo akashika mwiko.

Boneti, milango, taa, kioo, vyote vimefunikwa. Nimejiachia tundu la jicho moja. Mashine jicho moja, mimi jicho moja. Haki.

Jumanne, 11 Julai

Leo ndiyo nimetoka selo.

Jumamosi niliondoka Mute mbio, upepo unalia kwenye makuti kama harusi. Jambo moja dogo sikulifikiria. Wakati wa vita, gari lililofunikwa majani ni la nani? La mtu aliyekuja kupigana! Luís na wenzake wameona kichaka kinatoka upande wa msitu, kinakuja kasi, kinapiga honi. (Nilikuwa nawasalimia.) Wote wakaruka mtaroni. Mashine ikabaki peke yake, hakuna wa kuisoma. Ushindi!

Ila kuti moja likaanguka, likaziba tundu langu. Nikasikia kitu chini ya tairi kinavunjika kama kabati la vyombo. Mashine ya miguu mitatu imebaki miguu tu.

Administradori kasema mimi ni mtu wa msituni, nipelekwe mbali. Akaitwa Mariamo atoe ushahidi. Mke wangu akanitazama toka juu mpaka chini, akawaambia: “Huyu? Vitani? Huyu kavamia jiko langu tu, na hata hapo kaazima ngazi yangu.” Selo nzima ikacheka. Wakaniachia. Heshima yangu sijui imebaki wapi.

Karta wameichukua. Lori kapewa Faquir. Mimi utingo wake! Leo ananiambia, “Shemeji, niangalizie nyuma.” Nyuma kuna nini, kwa mwendo ule? Konokono?

Ijumaa, 14 Julai

Mashine mpya imeshuka melini leo, kesho inasimamishwa konani. Juzi Luís, mguu umefungwa bendeji, kanieleza polepole: makuti makavu hayazuii kitu, kelele inapenya inagonga chuma cha ndani. Mabichi yana maji, yenyewe yanairudisha. Kanisihi, kwa mama yake, niache.

Ahsante Luís! Kumbe makuti hayakuwa na kosa. Kosa ni la lori kuwa la chuma.

Fundi wa mitumbwi kanichongea boneti ya mwembe, imetulia, nimeipaka rangi ileile. Faquir yuko msikitini. Mimi niko chini ya lori, Mungu anajua nilipo. Kesho yeye ndiye atalipitisha lori mbele ya mashine bila kujua, mbio, na sifa nitazichukua mimi. Kwa sababu namjua uoga wake, breki nazo nimezilegeza, asije akapunguza mwendo akatuharibia jaribio.