Karani wa Vidonge na Masikio ya Sajini Meja

Jumatatu, 4 Machi

"Mfamasia ni karani wa vidonge. Daktari anaandika, karani anahesabu." Hayo ni maneno ya Meja, bingwa wetu wa upasuaji, aliyoyatamka leo saa mbili kasorobo katika kikao cha asubuhi, mbele ya watu kumi na tisa, huku akikoroga chai yangu. Yangu! Alichukua kikombe changu bila hata kukitazama.

Nayajibu hapa, maana kule nilinyamaza. Kwanza, karani akikosea, barua inachelewa. Mimi nikikosea, mtu anazikwa kwa heshima zote za kijeshi. Pili, karani haulizwi kwa nini. Mimi nimesomea "kwa nini" miaka minane, na vitabu vyake vimejaa sebule hadi mke wangu anapita kiubavu. Tatu, na hii ndiyo ingemmaliza, Meja mwenyewe hajui dawa anazoandika zinatokea wapi mwilini. Yeye anajua zinapoingilia tu.

Ningeyasema yote palepale kama nisingekuwa natafuta kikombe kingine.

Halafu, saa nne, zawadi! Nilikuwa wodi ya tatu nikipitia mafaili. Kitanda cha kumi na moja: Sajini Meja, mkufunzi wa gwaride, mtu wa miaka hamsini na miwili, askari wote humwita Baragumu kwa sauti yake. Alichomwa na chuma pajani mazoezini, kidonda kikaoza hadi mfupani. Meja kamwandikia jentamaisini, dawa ya kuua vijidudu, sindano tatu kwa siku. Leo ni siku ya kumi na mbili. Siku ya kumi na mbili! Kipimo cha figo kinapanda tangu wiki jana na hakuna aliyepunguza dozi. Dawa hiyo figo zikishindwa kuitoa hugeukia masikio. Haiombi ruhusa.

Nikaenda kitandani. Baragumu akanisalimu kwa sauti ya kuamsha kambi. Watu wote wodini wanadhani ndivyo alivyo, mkufunzi wa gwaride hajui kunong'ona. Nikasimama nyuma ya kichwa chake nikapiga makofi mawili. Mgonjwa wa kitanda cha kumi aliruka. Baragumu aliendelea kumenya chungwa.

Mtu huyu anazibwa masikio, na Meja ndiye anayeyaziba!

Nimwambie Meja leo? Nimefikiri kwa makini, nikitembea koridoni huku na huku. Nikimwambia leo, ataikata dozi kimyakimya, na kesho nitakuwa karani yuleyule. Lakini Alhamisi Brigedia, mkuu wa hospitali, anafanya ziara ya wodi na maofisa wote nyuma yake. Nikiyasema hapo, mbele ya nyota na mabega yote yale, hakuna atakayeniita karani tena. Nitapewa kiti kwenye kikao. Kiti chenye mgongo.

Ni siku tatu tu. Ili dhamiri itulie, nimeandika angalizo kwenye faili, ukurasa wa tisa, chini kabisa, kwa penseli, herufi ndogo, na tarehe. Kwa hiyo limeandikwa. Asiyesoma ni shauri yake.

Jumanne, 5 Machi

Kikwazo. Orodha ya ziara hupangwa kwa vyeo, na mimi ni raia. Katibu muhtasi wa Brigedia alinionyesha: nipo chini ya fundi wa jenereta, na fundi wa jenereta mwenyewe hayumo. Nikamweleza kwa upole nafasi ya mfamasia katika tiba ya kisasa. Akaniuliza kama nimemaliza, maana ana barua za kupiga chapa. Nikamsifu kwa kasi ya vidole vyake. Nikamsifu kwa miwani. Mwisho akasema ipo nafasi moja, ya kubeba mafaili, mwenye kazi hiyo amekwenda likizo. Kama sioni aibu.

Aibu ya nini? Mpelelezi huingia ngome ya adui hata akiwa amebeba kuni. Nimekubali.

Mchana mke wa Baragumu alikuja na picha ya mjukuu, mtoto wa siku tano. Nilikuwa kitanda cha jirani, najifanya nasoma lebo. Mama wa watu alitaja jina la mtoto. Baragumu akasema, "Nini?" Akarudia. "Nani?" Akarudia mara ya tatu, na yeye akaguna, akageukia dirishani. Mama akatoka machozi yakimlengalenga. Akamwambia Sista, muuguzi mkuu wa wodi, kwamba mzee amelikataa jina la mtoto, na jina lenyewe ni la marehemu mama yake mzee, sasa wanawe atawaambia nini?

Moyo wangu ulidunda kwa furaha. Ushahidi wa mashuhuda wawili! Nikauandika kwenye kikaratasi.

Sista naye akanivuta pembeni. Alisema siku hizi mbili Baragumu akienda msalani anapapasa ukuta kama mtu aliyetoka melini, na kwamba ukimwita anatazama midomo. Akaniuliza kama si zile sindano. Huyu mwanamke ana macho! Nikamwambia jambo lenyewe liko mikononi mwangu. Akauliza, basi amwambie Meja? Nikasema hapana, hapana, lina utaratibu wake. Akanitazama kidogo, akasema sawa, mtaalamu ni wewe.

Mtaalamu ni mimi! Kauli ya kwanza ya kistaarabu niliyoisikia tangu Januari.

Jumatano, 6 Machi

Hatari kubwa nimeigundua leo. Baragumu atanihujumu!

Nimewasikiliza maofisa watatu wakipita kitandani kwake. Kila ofisa, tangu jeshi liundwe, huuliza wagonjwa maswali manne, kwa mpangilio uleule, yamechapwa kwenye kadi. Hujambo? Umelala vizuri? Umekula? Una malalamiko? Na Baragumu, miaka thelathini na moja jeshini, hahitaji masikio kuyajibu. Anaangalia midomo ikiacha kucheza, anajibu kwa zamu: Sijambo, afande! Vizuri, afande! Nimekula, afande! Hakuna, afande! Kifua mbele, kitandani. Kesho Brigedia atauliza, huyu atajibu barabara, nami nitaonekana mwehu.

Na anajificha kwa makusudi. Nilimwandikia kwenye karatasi: Sajini Meja, unasikia? Akaisoma, akaikunja mara nne, akaniambia kwa ngurumo yake, "We Profesa Vidonge, usiniletee balaa. Mkufunzi kiziwi wanamstaafisha siku hiyohiyo." Wodi nzima ilisikia, isipokuwa yeye.

Mtu wa kawaida angekata tamaa. Mimi nimekwenda kwa katibu muhtasi. Nikamweleza kuwa kadi ya maswali ya mkuu imechakaa, ina doa la mchuzi, si heshima. Nikajitolea kumsomea maneno achape mpya. Nikayasoma kinyume, la mwisho likawa la kwanza. Alichapa bila kuinua kichwa. Akili ya aina hii wanaiita ukarani!

Chakula cha jioni nilimsimulia mke wangu mpango wote. Nilitarajia angalau tabasamu. Mama watoto ni mwalimu wa darasa la tatu, huuliza maswali ya darasa la tatu. Aliuliza, na sindano bado wanamchoma? Nikasema bila shaka, mpaka daktari azisimamishe. Akauliza nani anazitayarisha. Nikasema duka la dawa. Akauliza duka la dawa ni nani.

Nimezitayarisha mwenyewe, ndiyo. Kwa usafi wa hali ya juu. Amri iliyoandikwa ni amri.

Alhamisi, 7 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Saa tatu kamili. Brigedia mbele, Meja kulia kwake, maofisa kumi nyuma, kisha Sista, kisha mimi na mafaili kumi na moja hadi kidevuni. Hotuba yangu nilikuwa nayo kichwani, dakika nne na nusu, ikiwa na takwimu.

Kitanda cha kumi na moja. Brigedia akaitoa kadi mpya. Akakunja uso kidogo, akasoma.

"Una malalamiko?"

"Sijambo, afande!"

Brigedia akaitazama kadi, akamtazama Baragumu.

"Umekula?"

"Vizuri, afande!"

Wakati umefika! Nikaanza kusogea mbele kwa kiwiko.

"Umelala vizuri?"

"Nimekula, afande!"

"Hujambo?"

"Hakuna, afande!"

Brigedia aliangua kicheko. Kicheko cha tumboni, cha kushika kitanda. Na Brigedia akicheka, maofisa kumi wanacheka, kwa vyeo. Akasema huyo ndiye askari, siku kumi na tano kitandani na bado ana utani na mkuu wake! Akampiga Baragumu begani. Akamgeukia Meja, akauliza anapewa nini. Meja akataja. Brigedia akasema, "Iendelee hiyohiyo. Naona inamfaa."

Iendelee! Sasa imekuwa amri ya mkuu!

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini kidevu ndicho kilichokuwa kimeshikilia mafaili, na kidevu kilipoinuka mafaili yote yaliporomoka sakafuni kama ukuta, hatua moja nyuma ya kichwa cha Baragumu. Meja akaruka. Brigedia akaruka. Kanali mmoja alishika kiuno palipo na bastola. Baragumu hakupepesa jicho. Alikuwa bado anatabasamu kwa heshima kuelekea dirishani.

Ushahidi mtupu! Na aliyeuona nani? Brigedia alikuwa ananitazama mimi. Meja alikuwa ananitazama mimi. Alisema, bila kupaza sauti, kwamba hata kubeba imekuwa kazi. Msafara ukaenda kitanda cha kumi na mbili, nami nikabaki nimepiga magoti nikitafuta ukurasa wa tisa wa mtu fulani.

Nilipoinua kichwa, Sista ndiye aliyebaki. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama Baragumu.

Ijumaa, 8 Machi

Usaliti.

Jana jioni Meja alikuwa chumba cha upasuaji hadi zamu zikabadilishana. Leo alfajiri Sista, koplo, mwanamke ambaye vyeo saba vinamtenganisha na Meja, alimngoja mlangoni akamwambia. Hivyo tu. Amesimama kwenye ngazi na beseni mkononi, kasema, afande, Sajini Meja hasikii, nadhani ni jentamaisini. Mpangilio wake uko wapi? Takwimu ziko wapi? Meja akaenda wodini, akampigia Baragumu makofi nyuma ya kichwa (makofi yangu! njia yangu!), akaisimamisha dawa. Dakika mbili. Akampigia Brigedia simu kumweleza kwamba amri yake imetenguliwa, na kwamba kosa ni lake yeye Meja. Nasikia Brigedia alisema asante.

Kisha kikao. Meja alimshukuru Sista mbele ya wote. Akasema kosa ni lake, hakufuatilia kipimo cha figo, na kuanzia leo dawa hiyo isitolewe na yeyote bila kipimo. Watu wakaandika. Nilikuwa najiandaa kusema kwamba hoja hiyo kimsingi ni yangu.

Ndipo akafungua faili. Ukurasa wa tisa. Akalisogeza karibu na macho, penseli imefifia. Akasoma kwa sauti kila neno, angalizo langu zima, lilikuwa zuri sana, sentensi zimenyooka. Akafika kwenye tarehe. Akaisoma tarehe. Akauliza leo ni tarehe ngapi. Watu wote wakaigeukia kalenda ukutani.

Akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikajibu, kwa ujasiri, kwamba Jumatatu kwenye chumba hikihiki alisema mimi ni karani, na karani hasikilizwi.

Meja akalifunga faili. Akasema, "Ungekuja ningekutukana. Halafu ningeisimamisha."

Nina majibu matatu kwa hilo. Sijayapanga bado.

Sista hakunitazama. Nilimfuata koridoni kumweleza kwamba tulikuwa pamoja katika hili. Alisema Jumanne alikuwa ameniuliza. Akaingia wodini, akavuta pazia.

Jumapili, 10 Machi

Jana bingwa wa masikio alimpima Baragumu. Sauti nzito atazisikia kidogo, za ngoma, za milango, za magari. Sauti nyembamba zimekwenda, hazirudi. Ndege, kengele, filimbi ya gwaride. Watoto wachanga. Baragumu aliandikiwa haya kwenye karatasi. Akaikunja mara nne. Mkewe alikuwepo, safari hii alikuwa ameandika jina la mjukuu kwa herufi kubwa kwenye bahasha, na mzee akalisoma, akalisoma tena, akampigia bahasha saluti. Nilikuwa mlangoni. Sikuingia, nilikuwa na kazi.

Leo mke wangu amehesabu kwa vidole mezani. Jumatatu mbili, Jumanne tatu, Jumatano tatu, Alhamisi tatu, Ijumaa alfajiri moja. Kumi na mbili. Nikamwambia kitabibu huwezi kujua sindano ipi ndiyo iliyoharibu, pengine masikio yalikuwa yamekwisha kabla ya Jumatatu. Nilimtajia hata ukurasa. Akasema, pengine. Akaondoa sahani yangu, nami nilikuwa sijamaliza.

Nimekaa na vitabu vyangu mchana kutwa, nimeupima mkasa huu bila upendeleo. Kosa langu ni moja, nalikiri kiume: niliandika tarehe. Bila tarehe, angalizo lile lingekuwa unabii.

Na nimeona jambo jingine, kitanda cha sita. Koplo mmoja, mgonjwa wa moyo, dawa mbili zisizokaa chungu kimoja. Nimeligundua jana saa tano asubuhi. Bado sijamwambia mtu. Brigedia anarudi wodini Alhamisi ijayo, na safari hii sibebi chochote.

Kwa hiyo nasema nanyi, wafamasia wenzangu wa kila hospitali ya jeshi, nyinyi mnaoita madaktari pembeni, mnaonong'ona kwenye ngazi, mnaotoa elimu ya miaka minane bure koridoni kisha mnaitwa makarani. Acheni! Daini viti. Mkiona kosa, lioneni vizuri, likunjeni, litieni mfukoni, na msilitoe kwa mtu yeyote, hata muuguzi akiwasihi, hata mgonjwa awatazame midomo, mpaka mpewe viti.