Funga Yangu ya Sita

Jumapili, 3 Mfungo Mosi

Hatim kafika! Mwanangu wa pekee, kwa gari kutoka Riyadh, na mkewe Rawan, na mjukuu wangu Lamar. Miaka saba, meno ya mbele hana. Nimembusu mpaka akajifuta shavu kwa mkono wa kanzu.

Habari kubwa: Hatim kahamishiwa kazi hapa Jeddah. Nimepiga kigelegele jirani akagonga ukuta. Fleti ya juu yangu iko tupu tangu Rajabu. Mwenye nyumba nimeshazungumza naye. Mapazia nimeshachagua. Lamar akishuka ngazi tu, yumo jikoni mwangu.

Halafu Hatim akanieleza polepole, vile mtu anavyompa mgonjwa dawa chungu, kwamba ipo na nyumba nyingine. Kaskazini huko, Obhur, mtaa wa mama mkwe wake. Eti juma hili watatembea, leo na mimi, kesho na yeye, na Lamar atakapofurahi zaidi ndipo watakapohamia. Mtoto hajui hata kufunga viatu, kafanywa kadhi!

Mama mkwe mwenyewe ni Bi Ibtisam. Sina neno naye. Mwanamke mzuri tu. Kapata leseni ya udereva akiwa na miaka sitini, na tangu siku hiyo funguo za gari hazimtoki mkononi. Alasiri kaja kuamkia wageni. Nikamsogezea biskuti za tende za Idi. Akaweka mkono kifuani, akasema samahani dada, nimefunga sita, zile za baada ya Ramadhani. Sauti ile! Rawan akasema mashallah. Wote wakamtazama kama kateremka na wahyi. Mimi biskuti i mdomoni, nzima. Nikaimeza bila kutafuna, nikasema hata mie, naanza kesho, kama ada yangu.

Hatim akasema kwa fahari kwamba mama yake hakosi sita, mwaka nenda mwaka rudi. Ndivyo ninavyomwambia kwenye simu kila mwaka. Riyadh ni mbali.

Jumatatu, 4 Mfungo Mosi

Daku sikuisikia. Nimeamka saa tatu, jua limeingia mpaka kitandani. Nimekunywa chai nyuma ya mlango wa stoo na kipande cha mkate wa mayai. Nikasukutua. Nikatoka nimelegea macho.

Leo zamu yangu. Nimewapeleka jumba la samaki. Bi Ibtisam kajialika. Eti kwa kuwa sote tumefunga, tufuturu pamoja kila siku, ni baraka. Hatim kafurahi, kampa mkono. Nani aliyemuuliza?

Mle ndani kuna chewa mmoja mkubwa, mdomo umeanguka chini, macho ya dharau, haogelei, anakaa tu na kuhukumu wenzake. Nikamnong'oneza Lamar kwamba huyu ni bibi yako wa Obhur kabla hajavaa buibui. Kacheka mtoto mpaka akakaa chini. Moyo wangu ukaburudika! Ikapita dakika moja. Akamkimbilia Ibtisam, akamwambia mbele ya ukumbi mzima: Bibi, njoo umwone samaki wako, Bibi Faiza kasema ni wewe!

Nikajua leo patachimbika. Wapi! Ibtisam kamtazama yule chewa, kavuta mdomo chini vilevile, kaomba apigwe picha naye. Picha imekwenda kwenye kundi la familia. Watu arubaini wamecheka. Hakuna aliyeuliza mzaha ni wa nani.

Jumanne, 5 Mfungo Mosi

Zamu yake. Obhur. Kakodi boti yenye sakafu ya kioo ili Lamar aone matumbawe. Kujionyesha tu! Mimi sikutaka kwenda, lakini nikibaki nyumbani atasema nini masikioni mwa mtoto?

Asubuhi nilikula maharage ya fuli, sahani nzima, na mafuta ya zeituni. Nilijua siku itakuwa ndefu. Maharage yale ndiyo yaliyoniponza. Boti haijafika mbali, yakataka kutoka. Nikasoma kila dua ninayoijua. Nikainamia ubavu wa boti, nikatapika.

Nilipoinua kichwa nikaona mlango wa nafuu. Nikasema kwa huzuni: basi tena, saumu yangu imekwenda. Ibtisam akanifuta paji la uso, akasema hapana dada, usihuzunike, matapishi yakikutoka bila kutaka hayafunguzi. Endelea tu. Mungu akulipe. Hii ni sunna, ningeweza kusema nafungua na yakaisha. Yeye angefungua? Thubutu. Basi nami sikufungua.

Lamar alikuwa kalala kifudifudi juu ya kioo. Akauliza mbona Bibi Faiza katapika maharage. Nikasema ya daku, mwanangu, maharage ni mazito. Hatim akatazama saa yake. Ilikuwa saa nane mchana. 

Na samaki wakaja! Wa manjano, wa buluu, wa mistari, kundi kwa kundi, chini ya kioo, wanagombania. Lamar anapiga makofi, anapiga kelele kwamba hajaona kitu kizuri hivi tangu azaliwe. Nahodha kasema naye hajawahi kuwaona wengi namna ile. Sifa zote kapewa Ibtisam na boti yake. Chakula kimetoka tumboni mwangu!

Jumatano, 6 Mfungo Mosi

Leo nimetumia akili.

Nimewapeleka mji wa kale, nikawaonyesha nyumba niliyozaliwa, roshani zake za mbao na ngazi zake. Lamar kauliza choo kiko wapi. Nyumba za mawe ya matumbawe, miaka mia na zaidi, na yeye anatazama paka. Sawa. Paka na awe paka. Nikamchukua mmoja mdogo, mweupe, nikamtia kwenye mkoba. Tuliporudi nikamwomba mwenye nyumba ufunguo wa fleti ya juu, nikamweka paka katikati ya sebule tupu juu ya mto mwekundu, nikamwita Lamar.

Alivyofurahi! Kamwita Maziwa. Kasema hatoki humu. Nilikuwa nahesabu ushindi kwa vidole aliposikika Rawan kwenye ngazi. Chafya moja. Chafya ya pili. Macho yakamvimba, pua ikamwiva, pumzi ikapiga filimbi. Kumbe mkamwana wangu na paka hawapatani. Miaka tisa kaolewa na mwanangu, mimi wa kuyajulia wapi mambo hayo?

Hatim kampeleka hospitali. Rawan hajambo sasa. Kasema kwa upole kwamba fleti ina harufu ya paka. Maziwa karudishwa alikotoka, Lamar kalia, na aliyembembeleza ni Ibtisam.

Alhamisi, 7 Mfungo Mosi

Sitaki kuandika, lakini nitaandika.

Jioni tumekwenda Kornishi, kule ufukweni, sote. Jeddah nzima ilikuwepo. Mikeka imegusana, makaa yanafuka, birika za kahawa, watoto na tiara. Hatim katandika. Ibtisam kaleta sambusa, supu, tende, na maji ya Zamzam. Mimi nimeleta njaa. Rawan alishinda jikoni kwangu tangu alfajiri, anipikie futari, eti nipumzike. Wema wake ungeniua. Tangu jana usiku sijaonja kitu! Nimefunga kweli, bila kukusudia, na sijui hata kama inahesabiwa.

Ikafika saa kumi na moja na nusu. Upepo ukaleta harufu ya balila, zile dengu za kuchemsha zenye siki, bizari na achari ya tango. Yarabi! Nikasema nampeleka Lamar akaone tiara.

Nyuma ya mkokoteni wa balila kuna ukuta mfupi. Nikachuchumaa. Bakuli la kwanza sikulihisi. La pili nikamgawia Lamar. Akanitazama kwa mshangao, akauliza kwani adhana imeshalia? Nikamwambia hii ni siri yetu, yangu na yako, hata mama asijue. Akikuuliza, mwambie tulitazama tiara. Macho yakamng'aa. Akanishika mkono. Tangu waje hajanishika mkono kwa hiari yake! Tukarudi hivyo hivyo, na njiani akasema anataka kukaa karibu na mimi.

Nililia. Nasema kweli, machozi yalinitoka hapo kati ya mikeka ya watu. Ningenyamaza hapo! Lakini nikamwambia akamweleze baba yake, kwa sauti, na Bibi Ibtisam asikie vizuri.

Adhana ikalia. Nikafungua kwa tende, nikafumba macho, nikaleta dua ndefu. Lamar akasimama katikati ya mkeka, akatangaza: Baba, nataka tukae kwa Bibi Faiza. Nikauona uso wa Ibtisam unavyoanguka. Mungu anisamehe, nilifaidi. Nikaona haitoshi. Nikamhimiza mtoto: waambie, mwanangu, kwa nini?

Akasema: kwa sababu Bibi Faiza hafungi, anakula nyuma ya mkokoteni, na mimi ananipa, na ananifundisha kumdanganya mama.

Familia ya mkeka wa jirani iliacha kutafuna. Kikulacho ki nguoni mwako!

Ijumaa, 8 Mfungo Mosi

Obhur. Wameamua.

Hatim kaja baada ya sala. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Aliniuliza kitu kimoja tu: Mama, miaka yote ile? Nikamwambia nina kisukari. Akasema huna. Ni kweli, sina.

Rawan kasema Lamar atakuja kunitembelea, ila atakuja na mama yake, na hataki mtoto wake awe na siri na mtu mzima. Nimekubali. Nimeapa. Walipotoka nimepanda juu, nimekaa kwenye sebule tupu. Mto mwekundu bado uko pale. Nilikuwa nimeshampangia kitanda chake kitakaa wapi, upande wa dirisha, aone bahari.

Kosa ni la yule muuza balila. Achari yake kali mno, inamtamanisha mtu.

Jumamosi, 9 Mfungo Mosi

Wamerudi Riyadh kufunga mizigo. Nyumba kimya. Adhuhuri kengele ikalia: Ibtisam, funguo mkononi, sufuria la wali wa samaki kwapani. Nikajua kaja kunisimanga. Nikajikaza.

Kapakua sahani mbili. Kaanza kula! Nikamkodolea macho. Nikamuuliza na sita zake je? Akacheka kidogo, akasema sita zilitimia jana, na sasa ameacha kabisa, daktari alishamkataza, ana vidonda vya tumbo. Nikamuuliza sasa alikuwa akifunga za nini. Akazungusha kijiko kwenye wali. Kisha akasema kwamba mwaka wa tano huu Hatim haishi kumsifu mama yake: mama hakosi sita, mama hakosi sita. Akaona haya. Akasema moyoni, mkwe mwenzangu anafunga, mimi nakula, binti yangu atanionaje? Akaanza kufunga, tumbo linamwaka, anakunywa dawa usiku. Akanishika mkono. Akasema dada, jana nililala usingizi mzuri, tumetua mzigo sote wawili. Kesho nakuja kukuchukua na gari nikakuonyeshe nyumba yao, na Lamar akihamia tutakuwa tunakwenda kumwona pamoja.

Maskini! Nilimwonea huruma, nasema kweli. Vidonda vya tumbo si mchezo.

Halafu nikaanza kuhesabu. Si tumefundishwa kwamba anayemwelekeza mwenzake kwenye kheri hupata ujira kama wake? Nani aliyemwelekeza huyu? Miaka mitano, sita kila mwaka, thelathini! Na ujira wake haupungui, nami wangu nimeupata bila hata kulala njaa. Kumbe nimekuwa nikifunga kupita mwanamke yeyote mtaani. Hatim hakuwa na haja ya kuniuliza vile. Nikakaa sawasawa kwenye kiti.

Ibtisam aliona nimechangamka, akafurahi. Akaniuliza, kwa wema wake tu, kama tukifika Mfungo Tatu, zile siku tisa kabla ya Idi Kubwa, nimepanga vipi. Maana yeye sasa atapumzika.

Nikasema mimi zile huwa nafunga zote tisa, dada. Tangu usichana.

Akanitazama. Akatazama wali wake. Kisha akaiweka sahani kando, akasema basi na yeye atajitahidi.