Mwizi ni Miwani

Jumatatu, 4 Machi

Mama mwenye studio ameleta utaratibu mpya. Kila picha iandikwe maneno ndani ya faili lake: nani, wapi, shughuli gani. Juu ya picha yenyewe hayaonekani, ila mteja akiandika "keki" kwenye kompyuta, picha zote za keki zinamjia. Aliyempa Mama wazo hilo ni Miwani, mpiga picha mwenzangu. Mtu huyo hafanyi jambo bila sababu. Mimi nimepewa harusi ya juzi Jumamosi, picha mia sita na kumi na mbili. Kwa nini mimi?

Jumanne, 5 Machi

Nimeelewa! Mwezi uliopita mteja aliisifia picha yangu ya daraja, sifa zikaenda kwa Miwani. Akadai mteja ndiye aliyechanganya. Wapi! Sasa anangoja nimalize harusi, aweke jina lake. Nimemtegea. Ndani ya picha ya bibi harusi akicheka nimeandika: mwizi ni miwani. Akiiba, ushahidi umo tumboni mwa faili.

Mchana akaja kuuliza kama nahitaji msaada. Nikakataa. Akaniachia chai. Nimeimwaga kwenye sinki. Mke wangu anasema huenda ilikuwa chai tu. Tangu lini anamtetea?

Jumatano, 6 Machi

Picha moja haitoshi. Nimezichagua zote, nikabandika maneno yale kwa mpigo mmoja. Nilikusudia kuyafuta kabla ya kukabidhi, lakini nilipotoka kununua betri, Mama akamkabidhi mteja. Nani alimharakisha? Sihitaji kuambiwa.

Alhamisi, 7 Machi

Bibi harusi amekuja na mama yake, macho mekundu. Kumbe siku ya harusi simu ya baba yake bwana harusi ilipotea. Sikujua. Jana familia mbili zilikaa kutazama picha kwenye kompyuta, maneno yakajitokeza pembeni ya kila moja. Na katika ukoo mzima wa bwana harusi mvaa miwani ni mmoja: baba yake mdogo. Mzee amepekuliwa mifuko mbele ya wakwe. Ameondoka, bwana harusi naye kamfuata. Ndoa ya siku tano!

Mama wa bibi harusi akanishika mkono. "Mwanangu, wewe ulimwona. Sema tu."

Nikisema nilimwona, nammaliza mzee wa watu. Nikisema sikumwona, nitaulizwa ni miwani gani. Nikakohoa. Mtu akasogea kando yangu.

"Miwani ni mimi," akasema Miwani. "Ndivyo ninavyoitwa hapa. Ni utani wa kazini, na mimi ndiye niliyesahau kuufuta. Nitakwenda mwenyewe kumwomba mzee radhi."

Ijumaa, 8 Machi

Amekwenda kweli. Mzee amekubali, bwana harusi amerudi kwa mkewe. Simu imeonekana ndani ya boksi la maua, kwa yule aliyepamba ukumbi. Miwani amepewa onyo la maandishi. Mimi sijaambiwa neno. Yeye tu ndiye aliyeniambia, kwa upole, kwamba nikiwa na kinyongo naye nimweleze ana kwa ana.

Nikashindwa kumtazama. Niliona aibu kwa muda wa dakika nane hivi.

Kisha akili ikanirudia. Nani hubeba lawama za mwenzake bure?

Jumapili, 10 Machi

Miwani na mkewe wamepita kutusalimia. Wameleta mfuko wa machungwa. Wamekaa, wamecheka, wameondoka. Hawakuomba chochote! Hiyo ndiyo inayonitisha. Nimeyapiga machungwa picha pande zote nne, na ndani ya kila faili nimeandika: ushahidi, machungwa, anataka nini.

Mke wangu ameshakula mawili. Anasema ni matamu. Nimempiga picha naye pia. Maneno: wako pamoja.