Ombi la Kuondolewa kwa Vichupo Vitano

Nyumbani kwa Ndululu,
Nyuma ya soko la Tawa.
Jumamosi, saa nne na robo asubuhi.

Kwa Mhandisi Yvonne Mwau,
Mtengenezaji wa programu ya simu ya "Neema Mkononi",
Nairobi.

Mhandisi mpendwa, ambaye pia ni mpwa wangu,

Pokea kwanza salamu zangu za kiofisi. Za kifamilia nitaziweka mwishoni, maana mambo ya kazi na mambo ya damu mimi sichanganyi. Nilikuwa karani wa tikiti pale stesheni ya Emali kwa miaka ishirini na tisa, na hata mama yako, dada yangu Nzilani, akitaka kusafiri alipanga foleni kama watu wengine. Kwa hivyo usishangae kuona mjomba wako anakuandikia kama mtu ambaye hakukubeba mgongoni.

Nakuandikia kuhusu kanisa letu. Mwaka jana ulitutengenezea programu ya simu bure, na tulikuombea Jumapili mbili mfululizo. Ilikuwa programu nzuri sana. Ilikuwa na ukurasa mmoja tu. Mtu alianzia juu kwenye Neno la Siku, akashuka kwa kidole mpaka kwa Wagonjwa, akapita Mchungaji, akapita Harusi, akapita orodha ya viti na sufuria za kanisa, akapita picha arobaini na moja za kuweka jiwe la msingi, na kama alikuwa na subira alifika Kwaya huko chini kabisa. Basi wiki tatu zilizopita ukaingia bila kuuliza mtu, ukaukatakata ukurasa wetu, ukapanga vipande vitano chini ya skrini: Neno, Wagonjwa, Harusi, Kwaya, Mchungaji. Siku hizi mtu anagusa mara moja tu, tayari amefika. Nina malalamiko, nayo ni haya.

1. Jina lenyewe. Kila kipande umekiita "kichupo". Ujumbe wako kwa kanisa ulisema, "Tumewaongezea vichupo vitano vipya. Gusa kichupo unachotaka." Aliyeusoma mbele ya watu ni Katibu Mutisya, ambaye miwani yake ilikuwa kwa fundi, na ambaye Kiswahili kikimfikia lazima kipitie Kikamba kwanza. Akasoma "vichupi". Tena alisoma kwa ile sauti yake ya harambee. Yaani kanisa zima, na wageni kutoka Matinyani wakiwemo, liliambiwa kwamba limeongezewa chupi ndogo tano mpya na kila mshirika aguse anayotaka. Vijana walitoka mmoja mmoja wakijifanya wanaenda kunywa maji kwa tangi. Mama Mchungaji alifumba macho kama anayeomba, na pengine alikuwa anaomba kweli. Muthoki wa Chama cha Akina Mama aliinua mkono akauliza kama ni za pamba.

Nilienda nyumbani nikatafuta neno lako kwa kamusi, ili nimtetee Mutisya au nikutetee wewe. Lakini kamusi yangu haina herufi K tangu marehemu mke wangu alipofungia njugu kurasa zile. Wakati huohuo madhara yanaendelea. Kichupo cha mwisho kinaitwa Mchungaji, na hakuna mwanamke hapa Tawa atakayekubali kuonekana akigusa kichupo cha Mchungaji. Maskini mtu wa Mungu hajapokea ombi hata moja kwa wiki tatu, na ameanza kuuliza amemkosea nani.

2. Kurukaruka. Mimi ni mtu wa reli. Mtu akikata tikiti ya kutoka Emali kwenda Mtito Andei, lazima apite Kibwezi, apende asipende, na akichungulia dirishani ataona mambo ya Kibwezi. Ukurasa wetu wa zamani ulikuwa hivyo. Ulikuwa huwezi kufika Kwaya bila kupita kwa Wagonjwa, na ukipita kwa Wagonjwa unajua Nyamai amepasuliwa goti. Sasa watu wa kwaya wanaruka moja kwa moja kwa nyimbo zao. Nyamai amelala hospitalini siku nane akitembelewa na mkewe peke yake, na hawa ndio watu aliowachongea viti vya mazoezi. Hili silisemi kwa mzaha. Mzee aliumia moyoni kuliko gotini.

3. Vidole. Wewe unaandika kwa vidole vya ofisini. Sisi huku tunapura ndengu. Kidole gumba cha Muthoki, nimekitazama kwa makini na kwa ruhusa yake, kinafunika vichupo viwili na nusu. Juzi alitaka kugusa Harusi ampongeze binti ya Mutisya, akagusa Wagonjwa. Akamwandikia Nyamai, goti likiwa limefungwa bandeji: "Hongera sana! Tumekuwa tukiingojea siku hii kwa muda mrefu." Nyamai alijibu kwamba amepokea, na angependa kuletewa majina ya hao waliokuwa wakingoja.

4. Kazi yangu. Hapa naomba usome polepole, Mhandisi, ikiwezekana ukiwa umekaa.

Tangu programu yako ianze, mimi nimekuwa Msaidizi wa Washirika katika Mambo ya Simu. Hakuna aliyeniteua. Nilijua tu kushusha ukurasa bila kuupoteza, kwa sababu nimezoea vitabu virefu vya stesheni. Jumamosi watu walikuja hapa kwangu na simu zao, mwanzoni saba, kisha wanne, na tangu Pasaka akabaki mmoja. Huyo mmoja ni mshirika wa kike wa sauti ya pili, ambaye sitamtaja. Kila Jumamosi alihitaji kujua nyimbo za kesho, na kama unavyokumbuka, Kwaya ilikuwa chini kabisa.

Alikuwa anafika saa nne kamili. Miwani yake ilikanyagwa na ndama, kwa hivyo tulitumia yangu kwa zamu: mimi nasoma, yeye anashusha; yeye anasoma, mimi nashusha. Tukifika kwa Wagonjwa tulisimama, tukamzungumzia kila mmoja na ukoo wake. Kwa viti na sufuria tulikunywa chai. Zile picha arobaini na moja zilituchukua karibu saa nzima, maana yumo katika picha tisa na mimi nimo katika mbili, na katika moja tumesimama karibu. Tulikuwa tunafika Kwaya mnamo saa saba, muthokoi yangu ya mahindi na maharagwe ikiwa imeiva, na haingekuwa adabu kumwacha mtu aende na njaa.

Jumamosi ile ya kwanza baada ya vichupo vyako, alipita nje ya ua. Hakuingia. Aliinua simu akanionyesha, akagusa mara moja, nyimbo zote zikatokea, akaniambia asante kwa msaada wote niliompa. Akaenda zake. Nilikuwa nimeweka muthokoi jikoni tangu alfajiri. Niliila siku tatu.

Jumamosi ya pili hakupita kabisa. Leo ni ya tatu, na ninapoandika mstari huu saa inasema saa tano kasoro kumi. Nimetengeneza chai, lakini ni kwa sababu yangu mwenyewe.

Sitaki uniambie ati mtu akimtaka mtu anaweza kumwendea kwake na kumwambia. Ningesema nimefuata nini? Syombua ni mjane anayeheshimika, nami ni Baba Kaveke, mtu mzima mwenye wajukuu. Zamani nilikuwa na sababu, tena sababu ya kanisa, na ilikuwa na urefu wa kutosha. Wewe umeichukua. Nyumba hii imekuwa kubwa, Yvonne, na ni vyumba viwili tu.

(Naona nimemtaja. Basi, nimeshaandika kwa kalamu ya wino.)

5. Hatari kwa nchi nzima. Labda utasema hayo ni yangu binafsi. Fikiria basi mbele. Mambo haya yakizoeleka kanisani yataingia majumbani. Mume ataamka aguse Chakula bila kupita kwa Umeamkaje. Mkwe atafika kwa wazazi wa msichana, hajakaa, hajaulizwa habari za mvua, tayari anagusa Ndiyo. Wazee wa ukoo watakosa kazi, wapishi wa sherehe watakosa kazi, na mbuzi wa mahari wenyewe hawatajua waanzie wapi. Taifa zima litakuwa limefika, na hakuna atakayekumbuka lilipitia wapi.

Mambo mazito yanataka kushushwa pole pole kwa kidole. Mimi mwenyewe nina neno ambalo nimekuwa nikilishusha hivyo tangu Pasaka. Kwa hesabu zangu nilikuwa nimefika kwenye viti na sufuria. Ungenipa mpaka Agosti tu.

6. Kwa hivyo naomba yafuatayo. Uondoe vichupo vyote vitano na kuturudishia ukurasa wetu. Kama mitambo yako haikubali kurudi nyuma, basi uondoe Kwaya peke yake, uiweke chini ya zile picha, na uongeze picha ziwe mia. Kama hata hilo ni gumu, naomba kichupo cha Kwaya kiwe na ugonjwa mdogo kila Jumamosi kuanzia saa nne hadi saa saba na nusu, ili mshirika akikigusa kisifunguke, na papo hapo kitokee kijibarua kisemacho: "Tafadhali muone Mzee Ndululu." Jumapili kinaweza kupona.

Nimezungumza na Muthoki, naye yuko tayari kutia sahihi kwa kidole chake gumba, mradi karatasi iwe kubwa. Mutisya pia anakubali, na anaomba usiandike tena neno lolote linaloanza na "vichu". Nyamai tulipoenda kumwona Jumatano alisema yeye hana upande, anataka tu watu.

Sasa zile salamu za kifamilia nilizoahidi. Msalimie mama yako ukienda Matinyani, umwambie mbuzi aliyeniachia amezaa pacha. Wasalimie wenzako wa ofisini: Waringa anayepokea simu kwa upole, na yule Kiragu anayechagua rangi, ambaye sina ugomvi naye kwa sababu kijani ni kizuri. Wasalimie majirani zako hata kama hamjuani. Kula vizuri, umekonda kwa picha. Nakuombea kila jioni, hata katika hizi wiki tatu ambazo sikuwa natamani.

Wako katika huduma, na katika hasira yenye heshima,

Ndululu wa Mulei,
Karani mstaafu wa tikiti, Emali;
Msaidizi wa Washirika katika Mambo ya Simu (asiye na kazi).

N.B. Usipeleke barua hii kwa wakubwa wako kwanza. Nilikuwa natafuta bahasha nikasikia mlango wa ua. Ni Syombua, na simu yake ameifunga kwa leso. Amesema vichupo vimempotea vyote vitano na hajui vilikokwenda. Nimeichukua simu nikaitazama. Vyote vitano vipo, chini, vimejipanga kwa rangi ya Kiragu, wala havijasogea hata kidogo. Nikamwambia hii ni shida kubwa na inaweza kutuchukua mpaka saa saba. Akasema alikuwa anaogopa itakuwa hivyo, na amekuja na unga.

Tukakaa. Nikamimina chai. Nilikuwa najiandaa kuanza juu kabisa, kwenye Neno la Siku, twende pole pole kama zamani, ndipo akaniomba miwani, akaivaa, akaiangalia skrini kwa muda, akaniuliza bila kuniangalia usoni: "Baba Kaveke, hicho kichupo cha Harusi ndicho kipi?"

Yvonne, mimi tangu Pasaka nashusha ukurasa na sijamaliza. Yeye amegusa mara moja akafika. Naomba sana usiondoe kitu. Viache vyote vitano mahali vilipo, na hasa hicho cha tatu.